Uzi: Kabla hujanunua betri mpya kiangazi hiki, panda ukaitazame paneli kwanza

Mleta uzi (Tabora)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi wa sola, nazunguka Tabora mjini, Sikonge na vijiji vya barabara ya Urambo. Kila ikifika Agosti simu ninazopokea zinafanana: "Fundi, betri imekufa, taa zinazima saa tatu usiku, nitafutie nyingine." Nikienda kupima nakuta betri haijafa, ina njaa. Haijajaa chaji tangu Juni. Ukipanda juu ya bati unakuta paneli imegeuka rangi ya udongo wa barabarani.

Jambo hili linaniuma. Betri ndiyo inayokula hela kwenye sola ya nyumbani, na watu wanauza mbuzi au magunia ya mpunga ili wanunue nyingine, kisha wanaifunga kwenye paneli ileile chafu. Betri ya asidi ikikaa wiki nyingi bila kujaa, salfeti inaganda kwenye pleti zake za ndani, na hapo ndipo inakufa kweli. Kwa hiyo vumbi la juu ya kioo linaua betri iliyo chini kabatini, na mwenye nyumba analaumu duka alikonunua.

Tukumbuke hali ya hewa yetu. Mvua hukatika Aprili au Mei na kurudi karibu na Novemba. Katikati hapo ni vumbi, moshi wa mapori yanayochomwa na majivu yanayoruka. Tone la maji haligusi kioo. Na hiyo ndiyo miezi ya anga jeupe, miezi ambayo ungevuna umeme mwingi kuliko masika.

Kinachowapoteza wengi ni volti. Mtu anachukua mita, anapima paneli yake ya "volti 12", anasoma 20 au 21, anasema paneli nzima, basi ni betri. Paneli ya namna hiyo, yenye seli 36 (vile vipande vinavyozalisha umeme), isipobeba mzigo husoma hapo 20 hadi 22 ikiwa safi, na ikiwa chafu husoma karibu hapohapo. Uchafu haushushi volti, unashusha ampia. Na ampia ndizo zinazojaza betri.

Ukiwa na paneli mbili zinazofanana, jipimie mwenyewe: osha moja, nyingine iache, halafu mchana wa jua kali zitoe kwenye chaji kontrola (kile kiboksi kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) na upime ampia za kila moja kwa shoti, yaani waya zake mbili zikikutana kupitia mita tu, dakika hiyohiyo, zikiwa zimelala mwelekeo mmoja. Linganisha pia na namba ya Isc, yaani ampia za shoti, iliyo kwenye kibandiko cha nyuma. Tuseme kibandiko kinasema 6.1, iliyooshwa inasoma 5.8 na chafu inasoma 4.6. Umeshajua unapoteza ampia 1.2 kila saa ya jua kali. Mchana wa kupimia kwetu huku magharibi si saa sita kamili. Tabora jua linafika utosini saa saba kasorobo hivi, Kigoma karibu saa saba, linasogea mbele au nyuma kidogo kufuata miezi.

Tahadhari mbili kwenye kipimo hicho. Funika paneli kwa kanga nzito au blanketi kabla ya kugusisha waya na kabla ya kuzichomoa, maana paneli haina swichi, jua likiipiga inatoa umeme hata ikiwa imelala chini haijaunganishwa na chochote. Pili, mita nyingi za mkononi mwisho wake ni ampia 10. Paneli hizi kubwa za wati 400 na kuendelea nyingi zinapita hapo, usizipime hivyo. Hizo zinahitaji mita ya kubana waya inayosoma umeme wa DC.

Nakuja kwenye uoshaji.

Muda ni alfajiri kukishapambazuka, au jioni jua likishalala. Saa nane mchana kioo kimechemka, ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka, na hata kisipopasuka maji yanakauka kabla hujafuta na kuacha madoa. Anza kwa kumwaga maji tu, vumbi lilowe lishuke lenyewe. Watu wengi wanaanza kufuta likiwa kavu. Lile vumbi lina mchanga, ukilisugua unakwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki tena. Likishashuka, pitisha sponji laini au kitambaa cha pamba, kutoka juu kwenda chini, suuza, basi. Ndoo moja inatosha paneli mbili tatu. Stilwaya, mchanga, majivu na sabuni ya unga visikaribie.

Maji bora ni ya mvua uliyokinga. Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha ukungu mweupe, na ukiosha hivyo mwaka mzima ule ukungu unakuwa ganda. Kama huna mengine, tumia hayohayo ila futa kwa kitambaa kikavu kabla hayajakauka. Ganda lililokwisha kushika linalegea kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha suuza vizuri.

Sasa angalieni sehemu moja kwa makini: ukingo wa chini, pale kioo kinapokutana na fremu ya alumini. Fremu ina kijiukuta cha milimita moja au mbili. Maji ya kuoshea au manyunyu yanateremsha vumbi, yanakwama pale, yanakauka. Baada ya miezi unapata mkanda wa tope upana wa vidole viwili, mgumu, wakati mwingine una majani madogo yameota. Kwa macho unaona asilimia ndogo sana ya paneli ndiyo imefunikwa. Ila seli zimeungwa kwa mfululizo, umeme wa seli ya kwanza unapita kwenye ya pili, ya tatu, hadi mwisho. Seli iliyofunikwa inawabana wenzake wote wa mstari wake. Paneli za kawaida zilizosimamishwa kwa urefu, safu ya chini ina seli kutoka kila mstari, kwa hiyo mkanda ule unaweza kuangusha paneli nzima. Ikilazwa kwa upana, mkanda unagusa mstari mmoja na daiodi za nyuma (vijisehemu vinavyoupitisha umeme kando ya mstari uliofunikwa) zinairuhusu iliyobaki ifanye kazi. Paneli mpya zenye seli zilizokatwa nusu zinastahimili zaidi, lakini nazo hazipendi tope. Hapo chukua mswaki wa zamani wenye nyuzi laini, lowesha mkanda, subiri, ondoa taratibu. Usitumie kisu.

Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Ujiji

Mkuu uzi mzuri, ila mimi sijawahi kuosha paneli zangu. Mvua za Kigoma zinatosha, Novemba ikipiga mara moja kila kitu kinang'aa. Kwa nini nihatarishe shingo yangu kwenye ngazi?

Mleta uzi

Hujakosea kuhusu masika, mkuu. Mvua kubwa inaosha vumbi vizuri, na masika mimi sihangaiki na paneli za wateja ambazo zimeinamishwa sawasawa. Ila kuna mambo mawili mvua haiyawezi: kinyesi cha ndege na moshi wenye mafuta. Na hiyo miezi ya kuanzia Juni hadi mvua zirudi unaivuka vipi? Huko kwenu pia ni kavu.

Kuhusu shingo, nakuunga mkono kabisa. Kama paneli inafikika kutoka chini, chukua mwanzi mrefu, funga sponji kwenye ncha, mwaga maji kwa mpira. Ikibidi kupanda, bati lenye umande linateleza, kwa hiyo subiri likauke au panda jioni. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, huko ndiko mbao za papi ziliko chini yake. Paneli yenyewe usiikanyage wala kuiegemea hata kwa goti. Kioo kitavumilia, seli za ndani zitapata nyufa usizoziona, na umeme utashuka mwezi hadi mwezi bila sababu ya kuonekana. Watoto wasitumwe juu.

Mdau wa Kasulu (fundi)

Naongezea hapo kwenye kuinamisha. Mafundi wengi wanalaza paneli kufuata bati, na bati nyingi zetu zimelala sana. Sisi tuko nyuzi kama 4 na nusu hadi 5 kusini mwa ikweta, kwa hesabu ya jua peke yake hata nyuzi 5 zinatosha. Lakini kwa nyuzi 5 maji hayakimbii, ndiyo huo mkanda wa tope anaousema mleta uzi. Mimi naweka nyuzi 10 hadi 15, uso kaskazini. Kiangazi jua letu liko upande wa kaskazini, linavuka kwenda kusini mwanzoni mwa Oktoba na kurudi mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo miezi ya vumbi ndiyo paneli inalitazama jua vizuri.

Na muache nafasi ya hewa chini yake, hata sentimita 10. Paneli iliyobanwa kwenye bati inaweza kufika nyuzi joto 65. Seli za silikoni zinapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, fanyeni hesabu: asilimia 16 imekwenda na kioo ni kisafi.

Mleta uzi

Asante sana fundi, hilo la hewa nilikuwa nimelisahau. Na hiyo nafasi inasaidia kuona nyuma. Nyigu wa udongo wanapenda sana kile kiboksi cheusi cha nyuma, na mijusi wanalala chini ya paneli. Mara moja kwa mwaka chungulieni huko.

Mdau wa Urambo

Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa nyumbani, paneli zetu ziko karibu na bani la tumbaku, lile banda la kukaushia. Msimu wa kukausha unapoisha zinakuwa na kitu cha kahawia kinachonata, maji hayakitoi. Shemeji alitaka kuleta mafuta ya taa tufutie. Ni sawa?

Mleta uzi

Marahaba dada. Mwambie shemeji ayaache hayo mafuta ya taa, na petroli vilevile. Yanakula zile gundi za pembeni zinazozuia maji kuingia ndani ya paneli, na yanaacha utando ambao vumbi linaunasa haraka zaidi.

Ule ni moshi wa kuni uliochanganyika na utomvu. Chukua maji ya uvuguvugu, si ya moto, tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi kioo kikiwa cha baridi, lowesha kwanza kwa maji ya kawaida, kisha tandika kitambaa kilichochovywa kwenye yale maji ya sabuni na ukiache dakika kumi hivi juu ya sehemu inayonata. Futa, rudia, suuza sana. Kazi yake ni kulainisha, usiilazimishe kwa nguvu ya mkono. Na kama mnakinga maji ya mvua kutoka bati hilohilo, chomoeni bomba la gata linaloingia tangini kabla ya kuanza, mlirudishe maji ya sabuni yakishaisha.

Mwaka ujao kama kuna uwezekano wa kuhamishia paneli upande ambao upepo hautoki banini, hamisheni. Mtapumzika na kazi hii.

Mdau wa Kasulu, mwingine

Hapo kwenye sabuni, hizi zetu za kipande za mawese je? Ndizo zinapatikana kila duka huku.

Mleta uzi

Kwa paneli sikushauri, mkuu. Kwa nguo ni nzuri. Sabuni ya kipande ikikutana na maji yenye chumvi inaganda na kuacha utando mweupe kwenye kioo, unaanza kuhangaika kuutoa. Vumbi la kawaida halihitaji sabuni yoyote, maji matupu yanatosha.

Mdau wa Mwanga, Kigoma mjini

Kunguru wametushinda. Wanakaa kwenye paneli kuvizia dagaa wanaoanikwa uwanjani, wanaacha madoa meupe. Nyumba ya pili kuna mwembe, saa tisa alasiri kivuli chake kinagusa kona ya paneli. Nimeambiwa kona moja si kitu.

Mleta uzi

Kona ni kitu, kwa sababu ileile ya seli zilizoungwa kwa mfululizo. Doa la kinyesi ni baya kuliko vumbi lililoenea, kwa sababu linafunika seli moja kabisa wakati wenzake wanapata jua kamili. Ile seli badala ya kuzalisha inaanza kupokea umeme wa wenzake na kuchemka. Daiodi zipo ili kuiokoa, lakini daiodi ikiwa imekufa, doa likikaa wiki nyingi utaona sehemu ya kahawia iliyoungua, na hiyo haioshwi tena. Kwa hiyo madoa ya kunguru usiyasubirie siku ya usafi. Yakiwa makavu yaloweshe kwa kitambaa chenye maji, uyaache yalainike, usiyakwangue.

Kuwafukuza, wengine hufunga kamba ya nailoni sentimita chache juu ya ukingo wa juu wa fremu, pale wanapopenda kutua, iwe nyembamba na isiweke kivuli. Kuanika dagaa mbali kidogo na nyumba kunasaidia zaidi.

Mwembe zungumza na jirani upunguzwe matawi, la sivyo sogeza paneli. Simama pale paneli ilipo saa tatu asubuhi na saa kumi jioni utazame vivuli vyote, hata vya nguzo ya antena.

Mdau wa Nzega

Fundi wangu amesema betri imekauka niongeze asidi. Ni hizi za vifuniko sita, saizi ya N100. Naomba ushauri kabla sijanunua.

Mleta uzi

Mkuu simamisha kwanza. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi unazidisha ukali na pleti zinaliwa. Kinachoongezwa ni maji ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye chupa kwenye maduka ya vipuri, si ya bomba wala ya kisima.

Fungua vifuniko mchana, dirisha liwe wazi, usiwe na sigara wala kibatari karibu, maana betri inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Vaa kitu cha kulinda macho. Kama pleti ziko nje ya maji, ongeza mpaka zifunikwe tu, acha betri ichaji ijae, ndipo umalizie hadi alama ya juu. Ukijaza kabisa kabla ya chaji, maji yatapanda na kumwagika na asidi. Betri zilizozibwa, za jeli au za lithiamu, hazifunguliwi.

Kisha pima asubuhi na mapema kabla jua halijagusa paneli, taa zote zikiwa zimezimwa muda wa kutosha. Karibu volti 12.7 imejaa. 12.2 iko nusu. Ukikuta 11.8 kila asubuhi, ama hailishwi vya kutosha ama imechoka. Ndiyo maana nasema osha paneli, subiri siku kadhaa za jua, pima tena, halafu uamue. Namba hizi ni za betri za asidi tu.

Ukimaliza tazama vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Fungua nati, sugua kwa maji ya uvuguvugu yenye baking soda, na yale maji yasiingie ndani ya betri. Kausha, kaza, paka vaselini. Mpangilio wa kufungua: toa waya za paneli kwenye kontrola kwanza, ndipo za betri. Kurudisha, betri kwanza, paneli mwisho. Kontrola nyingi zinaungua kwa sababu mtu alichomoa betri paneli ikiwa inasukuma umeme.

Mdau wa Uvinza

Mimi nimeosha, kioo kinang'aa, vichwa vya betri visafi, lakini bado chaji ni hafifu. Paneli nimeiweka kwenye nguzo uani, mita 10 hivi kutoka ndani. Waya ni ule wa kawaida wa taa za nyumba, wa milimita za mraba 1.5.

Mleta uzi

Tatizo ndilo hilo waya. Mita 10 kwenda na 10 kurudi ni 20. Waya wa shaba wa 1.5 kwa urefu huo una upinzani wa karibu omu 0.23. Paneli ikitoa ampia 8, unapoteza volti 1.8 njiani. Kwa mfumo wa volti 12 hiyo ni nyingi mno, kontrola ya kawaida inabaki na kidogo cha kusukumia betri. Ukiweka waya wa 6 upotevu unashuka hadi chini ya nusu volti. Nunua ule maalumu wa sola usioharibiwa na jua, na ukague kama ni shaba kweli: kwangua kidogo kwa kisu, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa. Kama utauzika ardhini uupitishe kwenye bomba, panya na mchwa hawana huruma.

Mdau wa Kibondo

Sisi tuna hizi ndogo za kulipia kidogo kidogo kwa simu, kipaneli cha taa nne na redio. Tufungue tukague betri?

Mleta uzi

Msifungue, mkifungua dhamana inakufa na mara nyingi ndani ni lithiamu. Hizo kipaneli chake kinashushika, kwa hiyo mna bahati: kishushe jioni, kifute kwa kitambaa chenye maji, kirudishe asubuhi mahali pasipo na kivuli. Kama mko karibu na barabara ya vumbi, kiangazi fanyeni kila wiki. Wa nyumba za mbali na barabara kila baada ya wiki mbili tatu panatosha, mwangalie kioo chenyewe, ukipitisha kidole kikaacha mstari ni wakati wake. Kikiwa kimepasuka kioo usikimwagie maji, kifute kikavu, wapigieni waliowauzia.